Sindano ya nguruwe, tuulize mapema

Ami yangu alikuja kututembelea hapa Birmingham kutoka Maskati, kifua kikambana, akapelekwa kuzibuliwa mshipa wa moyo. Mlangoni akagoma: "Hiyo sindano ya kuzuia damu isigande, kweli yatoka kwa nguruwe?"

Kweli. Heparini inayotumika Uingereza hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Ipo na bivalirudini, hiyo huundwa maabara kwa kuiga kitu kilichomo kwenye mate ya ruba. Basi si tuchukue hiyo? Taratibu, jamani. Mwaka 2014 madaktari wa Liverpool walitoa matokeo ya kuzilinganisha kwa wagonjwa 1,812 wa mshtuko wa moyo. Kufa, kiharusi, mshtuko mwingine au mshipa kuzibuliwa tena bila kupangwa: asilimia 5.7 kwa heparini, 8.7 kwa bivalirudini. Majaribio mengine yameisifu bivalirudini kwa kupunguza kuvuja damu, lakini bei yake ni kubwa mno.

Mimi naona mwenye moyo mbovu amuulize daktari na shekhe wake angali nyumbani, akili imetulia. Ami alikubali kwa hoja ya dharura, akasema bismillah. Ila dakika zile tulizobishana mlangoni, moyo wake ulikuwa ukizilipa.