Ulevi Kandokando ya Ziwa Victoria: Anayetaka Kuacha Pombe Aende Wapi?

Tarehe 1 Machi 2017, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe kali iliyofungashwa katika vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba. Ilikuwa hatua njema, kwani kileo kile kiliuzwa kwa bei ndogo na kufichwa hata mfukoni mwa mwanafunzi. Hata hivyo, sheria huondoa kifuko dukani; haimwondolei mtu uraibu uliokwisha kuota mizizi. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, linakadiria kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Nyuma ya takwimu hizo kuna swali la kichungaji linalozihusu familia zetu za Mwanza: mwamini anayekiri kwamba pombe imemshinda, naye anataka kuacha, aende wapi?

Mazingira ya Ziwa yana ugumu wake. Uvuvi wa dagaa hutegemea giza, kwa kuwa taa huwavuta dagaa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi inapowadia, kazi husimama kwa siku kadhaa, nao wavuvi hubaki mwaloni wakiwa na fedha mkononi, mbali na wake na watoto wao, huku kilabu cha pombe kikiwa karibu kuliko kanisa au zahanati. Anayeazimia kuacha pombe katika mazingira hayo huishi na kufanya kazi miongoni mwa wanaoendelea kunywa. Nia njema peke yake haimtoshi. Anahitaji wenzake wanaotembea njia ileile.

Wengi watajibu kwamba tunazo tayari Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo Maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970. Ni kweli, nazo ni hazina ya Mama Kanisa. Lakini nguvu ya jumuiya ndiyo pia mipaka yake katika jambo hili: wanajumuiya ni majirani. Wanafahamiana kwa majina, kwa madeni na kwa ndoa zao. Baba wa familia anaweza kuombewa mbele yao. Ni vigumu kwake kusimulia mbele yao jinsi alivyouza nyavu ili anywe. Aibu humfunga kinywa, na ugonjwa uliofichwa huzidi kukomaa.

Ndiyo maana vikundi vya wenye uraibu wenyewe vina nafasi yake. Alcoholics Anonymous ilizaliwa mwaka 1935 huko Akron, Marekani, pale watu wawili walioteswa na ulevi walipogundua kwamba kusaidiana kuliwaweka mbali na chupa. Sharti la kujiunga ni nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, na mambo ya mwanachama hayatolewi nje. Kikundi si cha dhehebu lolote, lakini Wakatoliki walishiriki mapema: tangu mwaka 1939, Sista Ignatia aliwapokea walevi katika Hospitali ya Mtakatifu Thoma mjini humo, wakati ambapo hospitali nyingi ziliwafungia milango. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020, yakihusisha tafiti 27 na washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba njia hii huwasaidia watu kuacha pombe kabisa sawa na tiba nyingine zilizozoeleka, na mara nyingi kuzipita.

Mambo mawili yasichanganywe. Kwanza, kikundi hakichukui nafasi ya hospitali. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake, kwani anaweza kutetemeka, kupata mishtuko kama ya kifafa na hata kufariki dunia. Aanzie kwa daktari, iwe Sekou Toure, iwe Bugando, au kituo cha afya kilicho karibu naye. Pili, kikundi hakichukui nafasi ya Sakramenti ya Kitubio. Padre huondolea dhambi kwa mamlaka ya Kristo. Mwenzako katika kikundi hukusindikiza ili usirudi ulikotoka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kiasi kama fadhila. Lakini namba 1735 inatukumbusha kwamba mazoea yanaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake. Mlevi hahitaji kubembelezwa katika kosa, wala hahitaji kudhihakiwa.

Parokia zetu zinaweza kufanya nini basi? Zitoe chumba kimoja, jioni moja kwa wiki, chenye mlango usiotazamana na ukumbi wa kwaya. Parokia jirani zishirikiane, ili wa Igoma aweze kuhudhuria Nyakato asikojulikana, na wa Nyakato aende Igoma. Kwenye mialo na visiwani Ukerewe, ratiba ifuate mwezi, kwa kuwa siku za mbalamwezi ndizo za hatari na ndizo za nafasi. Paroko atangaze mahali na saa, kisha awaachie wahusika kuongoza wenyewe. Na pale ambapo chumba hakijapatikana, mwenye simu janja anaweza kushiriki mikutano inayofanyika kwa njia ya intaneti.

WAWATA na UWAKA, ambao huona machozi ya familia hizi mapema kuliko wengine, wana wajibu wa pekee: kumsindikiza mhusika mara ya kwanza hadi mlangoni, kisha kutunza siri. Mtakatifu Paulo anatuagiza kuchukuliana mizigo. Mzigo huu huanza kuwa mwepesi pale mwenye nao anapojua siku, saa na mlango wa kubisha hodi.