Nishani ya kiongozi iandikwe na jina la mwenzake



Naomba nami nitoe maoni yangu kuhusu nishani za Taifa letu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Sina ugomvi na pete hiyo. Ninachosikitikia ni kwamba tunakivisha chanda kimoja, kisha tunasahau kuwa kazi ilifanywa na mkono mzima.

Siku moja nilikuwa nawafundisha watoto wa darasa la sita habari za kupigania Uhuru. Nilipowaeleza kwamba mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya kufundisha Pugu ili aitumikie TANU, msichana mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Sasa mwalimu, watoto wake walikula nini?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jibu la swali hilo ni nusu ya historia yenyewe.

Mama Maria Nyerere naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walifunga ndoa Januari 1953, na mshahara wa mumewe ulipokoma nyumba ilikuwa na watoto wachanga. Akafungua duka dogo mjini Dar es Salaam, likasaidia kuendesha nyumba wakati mumewe anazunguka nchi nzima kuhutubia. Kama asingekubali kubeba mzigo huo, je, Mwalimu angeweza kusafiri kwa moyo mtulivu?

Kwa hiyo napendekeza Serikali iweke nishani moja ya Taifa kwa viongozi wastaafu pamoja na wenzi wao, yenye majina yote juu ya kipande kimoja cha madini. Hoja yangu si nani amekwisha kupewa nini. Nataka mchango wa nyumba nzima uandikwe mahali pamoja.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1998 ya kumpa Rais mstaafu Gerald Ford na mkewe Betty medali ya dhahabu kwa pamoja, na mwaka 2000 likafanya vivyo hivyo kwa Ronald Reagan na mkewe Nancy. Mama Betty Ford hakutajwa kama pambo la mumewe. Alikuwa amejulikana kwa kusema hadharani juu ya saratani yake mwaka 1974, na baadaye kwa kuanzisha kituo cha kuwatibu walevi.

Najua wako watakaosema kwamba kuolewa si kazi ya kupewa nishani. Nakubaliana nao kabisa. Ndiyo maana nasema kila nishani iambatane na maelezo ya kazi aliyoifanya mwenzi huyo, yasomwe hadharani na nakala zipelekwe mashuleni. Tunao mfano wa Mzee Rashidi Kawawa na Mama Sofia Kawawa, aliyeongoza UWT miaka ya 1980. Mama huyo alikuwa na jasho lake mwenyewe. Asiye na la kuandikiwa asiandikiwe, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Wengine watauliza, je, kiongozi mwenye wake wawili? Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyefariki Februari 29, 2024, aliacha wajane wawili, Mama Siti na Mama Khadija. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya namna hiyo, basi nishani nayo haina sababu ya kuikataa. Ni suala la kuongeza mstari mmoja tu. Na kwa kuwa tangu Machi 2021 nchi yetu imepata kuwa na Rais mwanamke, sheria isiseme "mke", iseme "mwenzi".

Sisi wa Pwani ya Tanga tunalielewa jambo hili. Dau likifika ufukoni watu hukimbilia kuhesabu samaki. Hakuna anayemhesabu mama aliyekesha na watoto huku upepo unavuma. Hata Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi la maombolezo. Leo tunalijua jina la Amina kwa sababu mumewe alikuwa na kalamu. Viongozi wengi hawakuwa watunzi wa mashairi, kwa hiyo kalamu hiyo lazima ishikwe na Serikali.

Sitaki mtu adhani naomba marupurupu. Najua madawati ni machache na fedha zina kazi nyingi. Lakini kipande cha madini na ukurasa mmoja wa maelezo havitaifilisi nchi, na mimi vitanipa somo la kufundisha.

Mwisho, nawaomba wahusika wasikawie. Mama Maria alizaliwa tarehe 31 Desemba 1930, na hesabu hiyo hata mwanafunzi wangu wa darasa la pili anaiweza. Nishani inayowekwa juu ya kaburi haina kifua cha kuning'inia. Nami ningependa kurudi darasani nimwambie yule msichana kwamba swali lake limejibiwa na Taifa lake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Pangani, Tanga.