USINGIZI WA MWENYE KUUGUZA

Ndugu wafanya kazi,

Wako wenzetu watokao zamu wakafika nyumbani kuanza zamu ya pili. Mzee ana ugonjwa wa kusahau. Usiku huamka, akafungua mlango, ataka kwenda shamba lililouzwa zamani. Mwenye kumlinda halali. Na asubuhi huyo huyo aelekeze treni yenye watu!

Twaambiwa: keti kimya, vuta pumzi, tuliza moyo. Hatukatai, shauri hilo lasaidia. Lakini pumzi si usingizi.

Sheria ya Ajira ya 2007 yatoa likizo ya siku 21 kwa mwaka, na ya ugonjwa, na ya uzazi. Ya kumwuguza mzazi haimo. Na mzigo huu wawalemea zaidi wanawake: Shirika la Afya Duniani lasema wao hufanya saa 70 katika kila 100 za uuguzaji huo.

Basi twataka mawili: mwenye kuuguza aulizwe kabla ya kupangiwa zamu, na likizo ya kuuguza iandikwe katika mapatano yetu. Nasi wanaume tupokee zamu nyumbani. Ugonjwa huu ni wa ubongo, si uchawi, usifichwe.

Umoja ni nguvu.