Baba wa Babu Hakuwa Askari

Tangu shule ya msingi nimekuwa nikijisifu kwamba baba wa babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani na alipigana Tanga, Novemba 1914. Stori yenyewe mnaijua: Mwingereza alishusha watu kama 8,000, wengi wao Wahindi, Wajerumani na askari wao hawakufika hata robo ya hao, nyuki nao wakaingilia, Mwingereza akarudi melini. Mimi nilikuwa naongeza kwamba mzee wetu alikuwepo.

Likizo iliyopita nilipanda Amani na daftari, nikamwomba Babu anieleze vizuri. Akacheka. "Askari gani, mjukuu wangu? Baba yangu hakushika bunduki hata siku moja. Alichukuliwa kubeba mizigo." Alitoka huku milimani mpaka Rufiji, mzigo kichwani. Alirudi kwa miguu, peke yake. Babu anakumbuka jambo moja: mpaka anafariki, mzee hakutaka kuona mtoto amebebeshwa mzigo kichwani mbele yake.

Nakiri niliona aibu. Nilitaka shujaa, nikapewa mpagazi.

Sasa naona aibu ile ndiyo ya kuonea aibu. Maeneo mengi hayakuwa na barabara za magari, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa ndorobo. Chakula na risasi vilikwenda kwa vichwa vya watu. Wapagazi wa upande wa Mwingereza peke yake wanakadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa wengi hawakuuawa na risasi, bali malaria, kuhara na njaa. Hata jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Tunanunua viatu pale kila siku bila kuwaza hilo.

Nenda pale Posta, Dar, kwenye Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Maandishi yake yanaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Izunguke yote: hakuna jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita vile hawakuandikwa majina kama Wazungu.

Wao wamekiri. Je, sisi? Wenzangu mnaokwenda BTP kufundisha Historia, msiishie kwenye tarehe na majina ya majenerali. Mpe kila mwanafunzi kazi moja: akamuulize mzee wa kwao nani alipelekwa vitani, alifanya kazi gani, alirudi au hakurudi, kisha aandike jina lake. Na asipambe. Kama alikuwa mpagazi, aandike mpagazi.

Ila tufanye haraka. Babu yangu ana miaka 88, na hayo aliyoniambia hakuna kitabu nilichoyakuta.