Afya ya Nyumbani: Mganga Hajigangi

Mwezi huu hatutazungumzia uji wa mtoto wala shinikizo la damu kama mlivyotuzoea. Wengi wenu mmetuuliza, hasa ninyi wenye mabinti wanaojiandaa kwenda kujitolea Ulaya, maisha ya huko yakoje. Tutawasimulia yaliyotupata sisi wenyewe, na moja kati ya hayo tunalisema kwa aibu.

Mwaka 2023 tulikwenda Ujerumani, wauguzi wawili wa usharika mmoja, kutumika katika nyumba ya kutunzia wazee. Ilikuwa katika mji mdogo wa Schwarzwald, yaani Msitu Mweusi, kusini-magharibi mwa nchi ile. Tulipitia mpango wa serikali yao wa huduma ya kujitolea, ulioanzishwa mwaka 2011 baada ya vijana wao kuacha kulazimishwa kwenda jeshini. Mpango huo hupokea hata watu wa umri wetu. Hautoi mshahara bali fedha kidogo za matumizi, pamoja na siku za mapumziko na likizo.

Zamu ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili. Tuliwaogesha wazee, tukawavisha, tukawalisha, tukawageuza wasipate vidonda vya mgongo. Hayo tuliyajua. Tusiyoyajua yalikuwa ya nyumbani: kutenga taka za karatasi, za plastiki na mabaki ya chakula kila moja na pipa lake, na kurudisha dukani chupa ya plastiki ili upewe senti zako 25. Jumapili maduka hufungwa. Ukisahau kununua mkate Jumamosi, utakula viazi.

Basi baada ya ibada ya Jumapili tulikaa chumbani tukiwaza nyumbani. Wafanyakazi wenzetu wakatuambia, "Njooni tutembee." Tukauliza, "Kwenda wapi?" Wakasema, "Kutembea tu." Ndugu zangu, kwetu mtu akitembea kwa miguu saa tano, ama anakwenda msibani ama gari limekosekana! Lakini tulikwenda, na tukapenda. Njia zao zina vibao kila njia panda, vyenye majina ya mahali na kilomita zilizobaki, hata mgeni hapotei.

Jumapili moja ya Juni tulianzia ziwa la Titisee. Tuliifuata njia iitwayo Westweg, inayotoka Pforzheim hadi Basel huko Uswisi, kilomita zipatazo 285. Njia hiyo imekuwapo tangu mwaka 1900, na alama yake ni mraba mwekundu uliosimama kwa ncha. Tulitaka kufika Feldberg, kilele kirefu kuliko vyote vya msitu ule, mita 1,493. Sisi tuliozaliwa chini ya Kilimanjaro tulicheka, kwa kuwa baadhi ya mashamba ya kahawa ya kwetu yako juu kuliko hapo. Magoti yalipoanza kuuma tuliacha kucheka. Juu kuna majani mapana kama malisho. Tukakunja mikono ya mashati, tukaketi majanini, tukala mayai na mkate, tukamshukuru Mungu kwa uzuri ule.

Jumanne mmoja wetu aliona kupe mdogo kama mbegu ya ufuta amejibana ndani ya kiwiko. Alimpaka mafuta ya kupikia kama tulivyozoea kuwafanyia mbwa, akamnyofoa kwa kucha, akanyamaza. Baada ya siku kama kumi palitokea baka. Mwenziwe akamwuliza, "Dada, hebu nione mkono." Akajibu, "Ni mbu tu," akavaa sweta, ijapokuwa kulikuwa na joto.

Kwa nini alificha? Aliogopa kwamba akionekana mgonjwa atarudishwa nyumbani. Alikuwa ameahidi ada ya watoto wawili. Na zaidi ya hayo kulikuwa na kiburi: muuguzi huwauguza wengine, yeye haugui. Mwenziwe naye aliona, akaogopa kumkasirisha, akanyamaza. Wote wawili tulikosa.

Aliyetuponya ni bibi mmoja aliyeishi kando ya msitu maisha yake yote. Alikuwa akivishwa soksi, ndipo sweta lilipovutika akaliona lile baka, sasa limefikia upana wa kiganja. Akasema neno moja la Kijerumani: "Zecke." Maana yake ni kupe. Akavuta mguu wake, akakataa katakata kuvishwa mpaka apewe ahadi kwamba siku ile ile mtu huyo angekwenda kwa daktari. Basi akaahidiwa, naye akatoa mguu.

Daktari alisema ni ugonjwa wa Lyme. Huletwa na kijidudu kiitwacho Borelia, ambacho kupe wa misitu ya Ulaya huweza kukibeba. Ukicheleweshwa waweza kuingia katika mishipa ya fahamu, viungo na hata moyo. Ukiwahiwa, hutibika. Mwenzetu alipewa vidonge vya doxycycline vya siku 14, akapona. Wala hakurudishwa nyumbani. Alipumzika siku chache, na fedha zake za matumizi hazikukatwa hata senti. Hofu yote ile ilikuwa bure.

Tukakumbuka kwamba somo hili tulikuwa nalo. Sisi tunaijua homa ya papasi, na tumewafundisha wengi kuziba nyufa za nyumba za udongo ambamo papasi hujificha mchana. Nayo huletwa na vijidudu vya ukoo huo huo wa Borelia. Daktari Joseph Dutton wa Uingereza aliichunguza homa hiyo huko Kongo, ikampata yeye mwenyewe, akafariki Kasongo mwaka 1905. Elimu haimkingi mtu na ugonjwa.

Kwa hiyo, mwenye binti anayekwenda huko, mweleze haya. Akitembea msituni au majanini avae suruali ndefu na kuingiza miguu yake ndani ya soksi. Jioni ajikague mwili wote: kwapani, nyuma ya magoti, kinena na nywele. Akimkuta kupe asimpake mafuta wala kumchoma kwa moto. Amshike karibu kabisa na ngozi kwa kibanio chenye ncha nyembamba, amvute polepole moja kwa moja, asafishe mahali pale, kisha aandike tarehe. Kupe akitolewa mapema hatari hupungua sana. Katika wiki zinazofuata, baka likitokea na kupanuka, aende kwa daktari. Na hili ni muhimu: katika ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Baka laweza kuonekana kama ngozi iliyovilia damu au iliyozidi weusi. Amweleze daktari waziwazi kwamba aliumwa na kupe. Kuna pia ugonjwa wa ubongo unaoletwa na kupe wa huko. Huo una chanjo, na karibu jimbo lote la Baden-Württemberg tulikokaa ni eneo la hatari. Aulize juu ya chanjo kabla ya kusafiri.

Nasi tuliobaki nyumbani tujiulize. Binti akipiga simu, tunaanza na lipi? Wengi huanza na ada, bati la nyumba, mchango wa arusi. Mtoto akisikia hayo kwanza, atasema mzima hata akiwa na homa. Tumwulize kwanza amelalaje, amekula nini, mwili unasemaje. Ada itafuata.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakumkataza mganga kuugua. Walitaka amtafute mganga mwenziwe. Bwana awalinde mnaosafiri na mnaosubiri. Tuonane mwezi ujao.