Digrii ya Maigizo Inalipa? Tuanze na Kreti Mbili za Soda

Jumapili moja muhula uliopita mwenzangu wa chumba alikuwa anafua pale nyuma ya hosteli. Simu yake ikaita, akaniambia nimwekee spika maana mikono ilikuwa na povu. Alikuwa baba yake mdogo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mzee akaingia kwenye hoja: "Mwanangu, bado hujachelewa. Hamia ualimu kama huyo mwenzako. Miaka mitatu ya kujifunza kuigiza! Kwani Mzee Majuto alisoma chuo gani?"

Huyo mwenzako ni mimi. Nilikuwa nimeishika ile simu, na asubuhi yake nilikuwa nimekula mkate wa huyo huyo anayeambiwa aniige, kwa sababu bumu langu lilishakata siku nyingi. Nikanyamaza.

Tulipomaliza kuanika tukakaa na daftari. Bodi ya Mikopo inatupa 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Tukaweka siku 240 kwa mwaka, ikaja milioni 2.4, na kwa miaka mitatu milioni 7.2. Ada tukaiweka milioni 1.3 kwa mwaka, jumla milioni 3.9. Vitabu na hela ya field tukaviacha, maana tulishaanza kuogopa. Deni: shilingi 11,100,000. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ukijiajiri, sheria inakutaka ulipe kila mwezi si chini ya laki moja, au asilimia 10 ya kipato chako. Kwa laki moja ni miezi 111, yaani miaka tisa na robo. Na laki hiyo haiulizi kama mwezi huo kulikuwa na onyesho au mliishia kufanya mazoezi tu.

Sasa na mimi mwalimu mtarajiwa. Nikiajiriwa kwa laki saba, asilimia 15 ni 105,000. Tunalipa karibu sawa! Tofauti yetu imekaa kwenye neno moja dogo, "nikiajiriwa". Mwanzoni mwa 2025 walimu waliitwa kwenye usaili wa ajira serikalini, na waliokwenda wanajua palivyojaa. Wapo kaka na dada zetu waliohitimu miaka kadhaa nyuma, wanafundisha tuisheni za mchana na kuuza vocha jioni. Kwa hiyo baba mdogo, kwa nia njema kabisa, anamtoa mtoto kwenye foleni moja ampeleke kwenye foleni nyingine ndefu.

Sitaki kudanganya mtu. Tangazo la "anahitajika mwigizaji, mshahara, bima na likizo ya mwaka" sijawahi kuliona. Anayeingia kozi ile akitegemea kutafutiwa ofisi na karatasi yake ataumia, na ni vizuri aambiwe mwaka wa kwanza, asisubiri kugundua akiwa na joho.

Ila hoja ya Mzee Majuto ndiyo iliyonikaa kichwani, kwa sababu inatumika kila mahali. Ni kweli, Amri Athumani hakuhitaji digrii ili Watanzania wacheke. Alikuwa na kipaji cha kuweza kukuvunja mbavu kabla hajafungua mdomo. Lakini kumbukeni mwaka 2018, akiwa mgonjwa, miezi michache kabla hajafariki. Suala la mikataba yake lilifika hadi kwa waziri aliyekuwa na dhamana ya sanaa, Dkt. Harrison Mwakyembe, na ikaundwa kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mtu aliyejulikana na kila nyumba yenye televisheni, halafu serikali ndiyo inakuja kusoma karatasi alizosaini. Kwa hiyo tukisema Majuto hakusoma, tumalizie na sehemu ya pili ya hadithi. Kipaji alizaliwa nacho. Kusoma mkataba hakuna anayezaliwa nako.

Na hapa nawageukia wa kozi yenyewe. Mwenzangu anaweza kukaa usiku kucha akinieleza Brecht alitaka mtazamaji afanye nini. Nilipomuuliza haki ya igizo mlilotunga watu kumi na nne inakuwa ya nani, alicheka. Nikamuuliza likirekodiwa na kurushwa mtandaoni je, akaacha kucheka. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999. Kama kwa miaka mitatu hakuna hata wiki mbili za mikataba, ankara na kodi, basi kozi inamtoa mtu anayejua kutengeneza mali asiyejua kuiuza.

Maana mali ipo, na hapa ndipo mimi kama mtu wa elimu nakereka nikisikia "kuigiza tu". Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Watafiti walifanya jambo la ujanja: eneo la Dodoma liliachwa bila mchezo ule kwa miaka miwili ili walilinganishe na kwingine. Kulikosikika mchezo, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi. Huo ni mchezo wa redio, watu wanaongea mbele ya maikrofoni, na ukabadilisha mambo yanayozungumzwa chumbani kati ya mume na mke. Semina gani ya slaidi imewahi kufanya hivyo?

Au Tuseme. Wengi wetu tuliikuta sekondari kama klabu ya Alhamisi, hatukujua ilitoka wapi. Ilianza 1996, na waliokuwa nyuma yake ni watu wa idara ya sanaa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba. Wasichana waliigiza yanayowakwamisha shuleni, halafu wakayajadili mbele ya walimu wale wale. Baadaye ikavuka mipaka ikaenda nchi nyingine za Afrika. Wanaotuambia maigizo hayana soko wajiulize huko nje walichukua nini kwetu.

Mimi mwenyewe nina deni. Nilipokwenda kufundisha kwa vitendo nilikuta kidato cha pili wanafunzi 74 darasa moja. Wiki ya kwanza sauti ilikata kipindi cha tatu. Nikampigia mwenzangu, akanifundisha kwa simu jinsi ya kuvuta pumzi kutoka tumboni na mahali pa kusimama ili nisipige kelele. Wiki ya pili nilimaliza siku. Katika mafunzo yangu yote ya ualimu hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu koo langu, ambalo ndilo jembe langu.

Sasa hela inapotelea wapi? Mwaka jana kikundi chao kilichukuliwa na shirika moja kwenda kijijini na igizo la ndoa za utotoni. Kijiji kizima kilikuja kwa sababu ya igizo. Waigizaji wakapewa 20,000 kila mmoja na kuambiwa ni nauli. Bwana aliyesimama dakika ishirini kufungua na kufunga shughuli alisaini karatasi ya posho, na kwa jinsi alivyoificha kwa kiganja haikuwa ishirini.

Lakini tusilaumu mashirika wakati nyumbani kwetu ni hivyo hivyo. Nilikuwa kwenye kamati ya maandalizi ya kukaribisha mwaka wa kwanza, kwa hiyo nasema nilichokiona. Muziki, laki nne. MC, laki mbili na nusu, na alichelewa. Maturubai yalilipwa, mpiga picha akalipwa. Kikundi cha maigizo, kilichofanya mazoezi jioni tisa na kutunga igizo jipya la matapeli wa vyumba vya kupanga, kilipewa kreti mbili za soda na "ahsanteni sana, mmetuwakilisha". Kreti moja niliibeba mimi. Sikuona tatizo mpaka ile Jumapili ya daftari.

Serikali yetu ya wanafunzi inatoa matamko kila muhula kuhusu ajira kwa vijana. Inayo bajeti ya shughuli. Ndiyo mteja wa kwanza kabisa ambaye mwanafunzi wa maigizo anakutana naye maishani, na inamfundisha kwamba kazi yake bei yake ni soda. Akitoka hapa akadai soda mtaani tunamwambia alisoma kozi isiyolipa.

Shughuli ya muhula huu inakuja na bajeti bado haijapita. Mwenzangu ameandika ankara kwa mkono: watu 14 kwa 15,000 ni 210,000, vifaa 60,000, jumla 270,000. Chini ameongeza sharti kwamba kurekodi ni kwa makubaliano. Nimeipeleka ofisini Jumanne. Aliyeipokea alicheka, akaangalia kama na mimi nacheka, halafu akaiweka kwenye faili.