Margarita ya Mlabani

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, hebu tuambizane ukweli. Kwa nini mhusika wako akitaka kuonekana mjanja lazima anywe margarita? Kapanda treni ya TAZARA pale Ifakara na begi lake, ukurasa wa pili yumo kwenye baa ya ghorofani Dar, glasi ina chumvi ukingoni, nasi tunatakiwa tupige makofi: kaendelea! Ukimwuliza mwandishi ndani ya glasi hiyo mna nini, anaanza kuzuga.

Basi tumsaidie. Tequila mililita 50, likeri ya chungwa 20, maji ya ndimu 15. Tikisa na barafu, chujia kwenye glasi uliyoipaka ndimu ukingoni na kuichovya chumvini. Kwisha habari. Ndimu na chumvi hata Mlabani zipo, tena za bei ya chini kabisa.

Na hiyo tequila je? Ni jina la mji, jimbo la Jalisco, Meksiko. Wakulima wanafyeka majani ya mmea, wanaoka kiini chake, wanakamua, wanachachusha, kisha wanapika na kuupoza mvuke. Mmea wenyewe ni ndugu wa mkonge wetu, huu ulioletwa Tanganyika mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapona 62 tu. Sisi tukasokota kamba. Wao mwaka 1974 wakalilinda jina la kinywaji chao kisheria, na mwaka 2006 UNESCO ikayatia mashamba yao katika urithi wa dunia. Kumbe unachokiita umjini ni jasho la wanakijiji ambao hawakuona haya kutaja kwao!

Sasa tutazame kwetu. Gongo nayo huchachushwa, hupikwa, mvuke ukapozwa. Lakini katika hadithi zetu inanywewa na nani? Na mzee wa kuchekesha watu, basi. Simtumi mtu akainywe: pombe isiyopimwa inapofusha, inaua, na tangu mwaka 1966 kuna sheria inayokataza kuitengeneza bila leseni. Lakini mama anayeipika usiku apate ada ya mtoto, akisikia kishindo cha mgambo moyo unamruka, huyo si hadithi? Hapo pana njaa, sheria, hofu na mapenzi. Wewe unamruka, unakimbilia chumvi ya ukingoni!

Atatokea mtu aseme, "Bwana, fasihi ni ubunifu, usitufunge kamba." Sawa kabisa. Mhusika wako anywe hata mvua ya Paris. Ninachokataa ni kinywaji kugeuzwa cheti cha ustaarabu, na kwao mhusika kugeuzwa doa la kufutwa.

Na wewe mtu mzima unayetaka kuchanganya nyumbani, changanya. Chukua Konyagi, kamua ndimu, ongeza maji ya chungwa na sukari kidogo, hiyo hiyo ya Kilombero inayosagwa Kidatu. Paka chumvi ukingoni. Utafurahi. Ila usikiite margarita, maana bila tequila huo ni uongo mtupu. Kipe jina lake. Nairobi walichanganya vodka, ndimu na asali, wakakiita Dawa. Leo mtalii anayejua maneno matatu tu ya Kiswahili anakiagiza kwa jina hilo, na hakuna anayemwona mshamba.

Wao wamethubutu kwa glasi moja, sisi tunashindwa kwa ukurasa mzima? Nataka kusoma hadithi ambayo mtu ameketi Mlabani jioni ya joto, mbu wanalia, anakamua ndimu, na anachokunywa kina jina la hapo hapo. Nani anaiandika?